"Positive": Neno Moja, Maana Nyingi

Neno la Kiingereza positive, ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa chanya, lina maana nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika mazungumzo ya kawaida wingi huo hauna madhara. Hospitalini, kuchanganya maana hizo kunaweza kumchelewesha mgonjwa kupata tiba.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini ponere, yaani kuweka. Hapo awali lilitaja kitu kilichowekwa bayana. Ndiyo maana wanasheria hulitumia kwa sheria iliyotungwa na binadamu, na Mwingereza hulitumia anaposema kwamba ana hakika kabisa. Katika hisabati ni namba iliyozidi sifuri; katika umeme, aina mojawapo ya chaji; na katika mazungumzo, jambo jema au la kutia moyo. Maana hii ya mwisho imeenea sana katika Kiswahili: twasema mtazamo chanya, fikra chanya, mabadiliko chanya.

Maabara hailitumii neno kwa maana hiyo. Kipimo kikiwa chanya, kile kilichotafutwa kimeonekana. Kikiwa hasi, hakikuonekana. Neno lenyewe halisemi kama habari ni njema au mbaya. Kipimo chanya cha malaria ni taarifa ya maradhi. Cha mimba huweza kuwa furaha kwa mmoja na mashaka kwa mwingine. Na majibu hasi ya saratani ndiyo ambayo kila mgonjwa huyaombea. Wala chanya hapa si sawa na hakika: kipimo chaweza kukosea, na kwa sababu hiyo mtu hatangazwi kuwa na VVU kwa kipimo kimoja pekee.

Yapo matumizi yasiyotaja ugonjwa hata kidogo. Mwenye damu ya kundi O chanya ana protini iitwayo D juu ya chembe zake nyekundu, jambo lisilo maradhi. Mjamzito mwenye kundi hasi ndiye anayehitaji uangalizi, kwa kuwa mwili wake waweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za mtoto mwenye kundi chanya. Hukingwa kwa sindano ya anti-D, ambayo baada ya kujifungua hutolewa ndani ya saa 72. Nao bakteria huitwa Gram chanya kwa kuwa hubakiza rangi ya zambarau katika njia iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884.

Basi mgonjwa aliyezoea "mtazamo chanya", akiambiwa tu kwamba majibu yake ni chanya, aweza kuondoka ameridhika, ilhali alipaswa kuanza dawa siku hiyo hiyo. Mtoa huduma na ataje kitu chenyewe: "Tumeona vimelea vya malaria katika damu yako." Kisha amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake alivyoelewa. Mgonjwa naye asione haya kuuliza: kimeonekana nini, na sasa nifanye nini?