Santuri Fupi za Benga: Sahani Ndogo kama Matini

Neno santuri, ambalo asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na Uarabuni, hutumika katika Kiswahili kwa sahani ya muziki na, kwa wasemaji wengine, kwa mashine yenyewe. Makala haya yanashughulikia aina moja tu: sahani ya inchi 7 izungukayo mara 45 kwa dakika, iliyotolewa kwanza na RCA Victor ya Marekani mwaka 1949. Kwa nini sahani hii, isiyobeba ila wimbo mmoja au miwili, ingali ikitafutwa na wakusanyaji?

Karungu ni mfano ufaao. Ghuba hiyo ya Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Migori, haiko mbali na Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, alikozaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, aliiita bendi yake Shirati Jazz. Kijaluo husemwa pande zote mbili za mpaka, na benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ulienea katika miaka ya 1970 hasa kwa santuri fupi.

Mvuto wa kwanza umo katika umbo. Upande mmoja wa sahani ni wa dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo wa benga aghalabu hukatwa vipande viwili. Upande wa kwanza hubeba maneno zaidi, na wa pili huliachia gitaa nafasi pana. Msikilizaji hana budi kuinuka, kuigeuza sahani na kuiweka sindano upya. Pumziko hilo hufanya kazi mfano wa kituo katika shairi.

Mvuto wa pili umo katika maneno. Mwimbaji wa benga huwataja watu kwa majina, koo na vijiji vyao, akijisifu na kuwasifu wenzake kwa desturi iitwayo pakruok. Kwa msikilizaji wa Karungu, santuri yaweza kuwa kumbukumbu ya nasaba na ya mahali.

Mvuto wa tatu umo katika lebo. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo alikuwa na lebo kadhaa, mojawapo ikiitwa Sungura. Santuri zake zilipofika Zimbabwe, sungura na kanindo yakawa huko majina ya aina za muziki. Hivyo neno la Kiswahili liliwafikia wasemaji wa Kishona bila mwalimu wala kamusi, limechapwa katika karatasi ya duara.

Kaseti, hasa zilizonakiliwa bila idhini, ziliidhoofisha biashara ya santuri katika miaka ya 1980. Nyimbo kadhaa zimetolewa tena, kama zile za mkusanyo The Nairobi Beat wa mwaka 1989. Lakini pale ambapo tepu ya awali imepotea, sahani ndiyo nakala iliyosalia, nayo ikivunjika, matini imekwisha.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji ni mhifadhi, ingawa uhifadhi wake una upungufu. Asiyejua Kijaluo hulisikia gitaa tu, majina humpita. Wazee wawezao kueleza ni nani aliyesifiwa, na kwa nini, wanazidi kupungua. Idara za lugha hazina budi kuwaendea na santuri hizo, kuyaandika maneno na kuyafafanua wakiwapo. Sahani iliyohifadhiwa bila maelezo hayo ni matini iliyookolewa nusu.