Nairobi hadi Mombasa kwa Baiskeli: Miguu Tuko Nayo, Ngori ni Maji

Desemba hii mbogi yetu ya watu sita kutoka Shinyalu inaenda kunyonga baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa, na lami tunaikwepa kila tunapoweza. Kwa barabara kuu ni kama kilomita 480. Ukipitia njia za vumbi inakuwa mbali zaidi. Tumejipea siku tano. Na kabla uulize, ndio, tunajua kuna treni.

Mbona tukwepe lami? Juu Mombasa Road ni ya matrela. Trela mbili zikipishana na wewe uko pembeni, anayeingia mtaroni ni wewe. Shida ni kwamba njia za vumbi haziendi kote. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na Tsavo si Hell's Gate, huwezi tu kuingia mbugani na baiskeli. Hapo unarudi lami, mchana peupe, mkiwa pamoja. Ndovu hana habari na ratiba yako.

Kuna wasee hudhani safari yote ni mteremko, ati Nairobi iko juu mita 1,700 hivi na Mombasa iko baharini. Waulize vilima vya Ukambani. Halafu kuna upepo wa kutoka baharini, unakupiga usoni siku nzima.

Sasa maji. Sisi wa Shinyalu tumeharibiwa na mvua. Huku msitu wa Kakamega uko hapo tu, chemchemi kila bonde, unaweza kunyonga asubuhi yote na chupa moja. Ukifika Taru, ile nyika kavu baada ya Voi, chupa moja inaisha kabla jasho likauke. Kwa jua kama hilo mtu anaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja kila saa. Masaa manane, piga hesabu. Na usibugie maji matupu tu, jasho linatoka na chumvi. Weka chumvi kidogo na sukari kwa chupa, ama ukule kitu cha chumvi njiani. Makindu ukipita, ingia hekalu la Masingasinga. Msafiri yeyote analishwa bure, ukiwa na kitu unaacha shukrani.

Miiba nayo ni story ingine. Migunga ya huko inatoboa tairi kama sindano ya daktari. Kila mtu abebe tyubu mbili, viraka na pampu yake.

Hiyo ya pampu tulijifunza vibaya. Mwezi uliopita tulienda mazoezi, tukatoka Shinyalu tukaingia njia za msituni. Kulikuwa kumenyesha, matope mekundu yakajaa kwa cheni, na sisi wenye miguu tukachomoka. Kufika barabarani tukahesabu watu: watano. Saa kumi na mbili na nusu, na msituni giza halipigi hodi. Tulimpata kilomita nne nyuma, anasukuma baiskeli, pancha mbili. Pampu zote mbili za mbogi zilikuwa huku mbele na sisi. Hakutuongelesha mpaka nyumbani, na hata mimi singejiongelesha.

Tangu hapo sheria zimebadilika. Mwendo ni wa yule wa pole zaidi. Kwa kila njia panda watu wanangojana, hakuna kuondoka kabla wote sita waonekane. Kwa vumbi mnaachana mita kadhaa ndio uone shimo kabla likuone. Na wa mwisho ni fundi, yeye ndiye hubeba spana na dawa, juu baiskeli ikiharibika mwenyewe huachwa nyuma, na huko ndiko fundi anahitajika.

Yule jamaa wa pancha amekubali kuja. Amesema fundi wa mwisho atakuwa mimi.