Sindano ya mshipa wa fahamu: mambo ya kujua kabla hujakubali



Wengi wenu mnaishi na maumivu yasiyokwisha: mgongo unaouma hadi kisiginoni, au mguu uliokatwa zamani lakini bado unausikia ukiuma. Wengine mlifika nayo hapa Nyarugusu mlipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo mwaka 1996, wengine mlipotoka Burundi mwaka 2015, na wengine mmeyapatia hapa hapa kwa kubeba kuni na maji. Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu.

Kwenye foleni ya mgao husemwa kwamba hospitali kubwa zina sindano moja inayomaliza maumivu yote. Wengine husema sindano hiyo hupooza mguu. Maneno yote mawili yanapotosha. Soma upate ukweli, ili ukiulizwa na daktari ujue unakubali nini.

Sindano hii ni nini?

Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Daktari huweka dawa ya ganzi karibu na mshipa unaohusika ili habari hiyo isipite. Dawa moja inayotumika ni lidokeini, ile ile inayotumika kung'olea jino. Mara nyingi huongezwa steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe unaousumbua mshipa. Kwa maumivu ya mgongo, daktari huongozwa na mashine ya eksrei au altrasaundi asikosee mahali. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki katika zahanati.

Iko pia njia ya kuunguza mshipa mdogo kwa joto linalopita kwenye sindano. Hiyo hupatikana katika hospitali chache. Siku za kwanza maumivu yanaweza kuzidi, kisha nafuu huweza kudumu miezi 6 hadi 12. Baadaye mshipa huota tena na maumivu huweza kurudi.

Siku ya sindano

Mwambie daktari mapema kama una kisukari, ujauzito, homa au kidonda, kama dawa fulani hukudhuru, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa zako bila kuambiwa.

Utalala, ngozi itasafishwa, na utachomwa kwanza ganzi ndogo ya ngozi. Kwa kawaida utakuwa macho. Utasikia kubanwa, pengine na maumivu yako ya siku zote kwa muda mfupi. Usijitikise. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma au kizunguzungu, sema hapo hapo.

Baadaye mguu au mkono unaweza kuwa mzito kwa saa kadhaa. Huko si kupooza, ni ganzi. Nenda na ndugu wa kukushika, usipande baiskeli, na usikae karibu na jiko, kwa sababu unaweza kuungua bila kuhisi.

Nafuu huja lini?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Unatoka hospitali bila maumivu, na usiku yanarudi. Usidhani umedanganywa: ganzi imeisha, na steroidi bado haijaanza kazi. Kwa kawaida huanza baada ya siku 2 hadi 7. Nafuu huweza kudumu wiki kadhaa au miezi kadhaa. Wako pia wasiopata nafuu yoyote. Mwenye kisukari apimwe sukari, kwa kuwa steroidi huipandisha kwa siku chache.

Basi kuna faida gani? Faida ni huo muda. Mgongo ukitulia, unaweza kufanya mazoezi ambayo maumivu yalikuzuia, kulala vizuri na kurudia kazi zako kidogo kidogo. Anayepata sindano kisha akakaa tu kitandani amepoteza nusu ya dawa.

Rudi kituoni haraka ukiona:

- homa, usaha au uvimbe mahali ulipochomwa;
- mguu au mkono umebaki dhaifu hadi siku ya pili;
- unashindwa kukojoa, choo kinakutoka bila kujua, au umekufa ganzi sehemu za siri;
- kichwa kinauma sana ukiketi na kutulia ukilala;
- unapumua kwa shida au kifua kinabana.

Jihadhari na sindano za sokoni

Usiuze mgao wa watoto kumlipa mtu anayechoma sindano nyumbani au sokoni. Sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako huweza kujeruhi mshipa mkubwa wa mguu, na mtu akabaki akiburuta unyayo. Sindano iliyokwisha kutumiwa na mwingine huambukiza VVU na homa ya ini. Utakuwa umelipa ili uongezewe ugonjwa.

Uanzie wapi?

Anzia kwenye kituo chako cha afya. Si kila maumivu yanahitaji sindano. Wengi husaidiwa na mazoezi ya viungo na vidonge. Maumivu ya mshipa, yale ya kuchoma kama moto au kama umeme, mara nyingi hayasikii dawa za kawaida, lakini ziko dawa nyingine, kama amitriptilini, ambazo daktari huweza kukuandikia. Hayo yakishindikana ndipo huzungumzwa rufaa, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Usiondoke bila hicho kibali.

Kabla ya kukubali, uliza maswali haya: Mtachoma mshipa upi? Natarajia nafuu ya muda gani? Hatari zake ni zipi? Nisipochomwa, kuna njia gani nyingine? Kama Kiswahili au Kifaransa hakikutoshi, omba mkalimani. Una haki ya kukataa, na kukataa hakukuondolei matibabu mengine.

Mfikishie habari hii jirani asiyejua kusoma. Pengine ndiye anayeumwa kuliko wote.