Injini Baridi Kwenye Jua la Mwakirunge

Chini ya meza ya fundi mmoja wa magari huku Mwakirunge, kando ya njia wanayopita malori ya taka yakielekea jaani, kuna kopo la rangi la lita nne lililojaa vidude vya shaba. Kila kimoja kina springi, pete ya mpira iliyochakaa na kisahani cha upana wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Vichache vimeliwa na kutu. Vingi ni vizima kabisa. Nilikuwa nimekwenda kwa habari ya jaa, nikajibanza pale kivulini kumngojea mtu. Nikauliza hivi ni vitu gani, na habari ya jaa ikabidi ingoje.

Ni themostati. Fundi huziomba kwa wenzake wa Kiembeni, Bombolulu na Kongowea, ambao huzitoa kwenye injini za wateja na kuzitupa. Gari likichemsha, themostati ndiyo ya kwanza kushukiwa na ya kwanza kung'olewa. Mteja huondoka ameshukuru. Miezi inapita, naye anaanza kulalamika kwamba gari lake linakunywa mafuta.

"Kila moja humu ni mtu anayelia na petroli," aliniambia, huku akilitikisa kopo. "Analaumu kituo cha mafuta, analaumu gari kuwa kubwa. Hajui kuna kitu kilitolewa ndani."

Kazi ya themostati ni kuyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha. Katikati yake mna nta. Nta ikipata joto huvimba, husukuma kijiti, mlango ukafunguka. Ikipoa hunywea, na springi ikaufunga mlango. Kwenye RAV4 za lita 2.4, ambazo zimejaa Mombasa nzima, mlango huo huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika nyuzi 95 sharti uwe umenyanyuka angalau milimita 10. Nambari hizi fundi anazo kichwani. Lakini hataki uzikubali kwa maneno yake tu.

Aliwasha jiko la mkaa, akateleka sufuria ya maji. Akachagua themostati moja kutoka kopo, akaifunga uzi na kuitundika katikati ya maji isiguse chini, kwa sababu chini ya sufuria huwa pa moto kuliko maji yenyewe. Themomita nayo akaitundika ubavuni mwake. Nyuzi 60, kimya. Nyuzi 70, kimya. Kwenye 78 vipovu vidogo vilikuwa vimejipanga ukutani mwa sufuria na mlango ulikuwa bado umefumba. Sindano ilipofika 82, ambayo ndiyo nambari iliyogongwa kwenye shaba yenyewe, ukatokea upenyo usioingia hata karatasi. Kisha mlango ukaendelea kunyanyuka polepole, springi ikibanwa, hadi maji yalipokuwa yanatokota na ukawa wazi kabisa. Fundi akaitoa kwa koleo, akapima kwa rula: milimita 10 na ushee. Akailaza juu ya saruji. Ilipopoa ikajifunga yenyewe mbele ya macho yetu.

"Hii ilikuwa nzima," alisema. "Imetolewa nzima."

Ya pili ilikaa ndani ya maji yanayotokota bila kusogea. Hiyo, alisema, ilistahili kutolewa. Ila ilistahili pia kuwekewa nyingine mahali pake, na bei yake haifiki ya nusu tangi la petroli.

Nilimwuliza swali ambalo nadhani kila mtu wa pwani angeuliza: kwenye joto letu hili, injini isiyo na themostati haipati nafuu? Alijibu kama mtu aliyewahi kuulizwa mara nyingi. Siku ya Februari, kivulini, Mombasa hupata nyuzi 32 au zaidi kidogo. Injini inataka maji yake yawe kwenye nyuzi 85 hadi 90. "Jua letu lote halifikishi hata nusu," alisema. "Gari lililotolewa themostati huendeshwa Februari likiwa linasikia baridi."

Na injini inayosikia baridi hula. Petroli haivukizi vizuri kwenye kuta zisizo na moto wa kutosha, basi kompyuta ya gari, ikiona sensa ya maji inasoma joto la chini, huamuru injekta zimwage zaidi ili moto usizimike. Oili nayo hubaki nzito, na injini hutumia nguvu kujisukuma yenyewe. Magari mengi ya otomatiki huchelewa kufunga klachi ya giaboksi mpaka maji yapate moto, kwa hivyo injini hubaki ikizunguka bure. Petroli isiyoungua huteremka ikachanganyika na oili. Fundi alichomoa kijiti cha oili cha gari lililokuwa pale, akaninusisha. Kilinuka petroli.

Gari lenyewe lilikuwa RAV4 ya mwalimu mmoja anayeishi huku na kufundisha upande wa kisiwani. Huku viwanja vimenunuliwa na watu wanaofanya kazi mjini, na wengi wamechagua gari la juu kwa sababu ya njia zetu. Fundi alikuwa amechomeka kidude cha skana chini ya usukani na kusoma simuni. Walipokuwa wakija kutoka Kiembeni, gari likipigwa upepo, joto lilikuwa limesimama kwenye nyuzi 69. Kompyuta ilikuwa imehifadhi msimbo P0128, unaosema kwamba maji ya injini hayafiki joto linalotakiwa na themostati. Taa ya injini ilikuwa imewaka miezi mingi kwenye dashibodi.

"Mwalimu, hii taa umeiona lini?"

"Fundi, niliambiwa ni sensa tu, niendelee."

Hakumlaumu aliyemwambia. Aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe, kijana, alizitoa nyingi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, na kwamba kwenye magari ya zamani ya kabureta madhara hayakuonekana haraka hivi. Magari ya sasa, alisema, yanaongozwa na sensa. Ukiidanganya sensa moja umeyadanganya mengine yote.

Kinachochemsha magari hapa, kwa maoni yake, ni maji tunayoyatia. Mombasa haina maji yake ya kutosha. Tunategemea Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mifereji ikikauka tunarudi visimani. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi. Dereva akiona rejeta imepungua hutia yaliyopo. Chumvi hujijenga ndani ya vijinjia vya rejeta, hula pampu, hufanya themostati ikwame. Hapo gari huchemsha kweli, na lawama zote huenda kwenye themostati. Alinionyesha rejeta aliyoipasua: vijinjia vimejaa gamba jeupe, gumu, la kukwangua kwa bisibisi. Dawa yake ni kulanti iliyochanganywa na maji safi, hata kwenye mji ambao hautaona barafu, kwa sababu kulanti huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Kuna jambo jingine lililonikera zaidi. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili, kinachoziba njia ya mkato mlango mkubwa unapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari kama hilo linaweza kusikia baridi likiwa mwendoni, kisha likachemsha kwenye foleni ya daraja la Nyali, mahali hasa ambapo mwenyewe alitaka lisichemshe.

Mengine yanayohusishwa na ulaji wa mafuta fundi aliyapitia haraka. Kichujio cha hewa, ambacho kwa vumbi la malori ya hapa watu hukibadilisha wakitarajia miujiza: kwenye injini za injekta, Wizara ya Nishati ya Marekani imeeleza kwamba kichujio kipya hukurudishia nguvu ya gari lakini hakipunguzi matumizi ya petroli. Upepo wa magurudumu, kila wiki, na ulingane na kibandiko cha mlangoni. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa nyepesi, kwa ile ile hofu ya joto. Breki zilizokwama kwa kutu ya chumvi ya bahari. Chuma cha kubebea mizigo juu ya paa kisichobeba kitu. Na mguu: wizara hiyo hiyo inasema kukanyaga mafuta kwa pupa na kufunga breki kwa ghafla kunaweza kupunguza umbali unaopata kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye msongamano. Hili la mwisho fundi alilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa nalo.

Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta. Septemba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, miezi miwili baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Sisi ambao meli hutushushia mafuta pale Kipevu tunalipa pungufu ya Nairobi kwa shilingi chache tu. Katika hesabu hizo, lita zinazomwagwa kuipasha injini iliyonyang'anywa themostati yake hakuna anayezihesabu.

Nilimbana fundi anitajie: mwalimu, aliyewekewa themostati mpya, ataokoa kiasi gani? Alikataa. "Mimi siuzi kilomita," alisema. Alimtaka mwalimu ajaze tangi mpaka pampu ijikate, aandike kilomita, aendeshe kama kawaida, ajaze tena kwenye pampu ile ile, agawanye. Afanye hivyo mara kadhaa kabla ya kumwambia mtu yeyote lolote.

Lakini si wote wanaokuja hapa wanaweza kufanya alivyofanya mwalimu. Dereva wa teksi mwenye rejeta iliyoziba, asiye na fedha ya rejeta nyingine na anayetakiwa kupeleka hesabu jioni, humwomba aitoe themostati ili gari lifike kesho. Fundi aliniambia kwamba mara nyingine huitoa. Huandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe, huubandika chini ya boneti: HAINA THEMOSTATI, na tarehe. Magari yanapotoka Japani hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, yakauzwa, yakauzwa tena, na kila mwenye gari hurithi kilichong'olewa na aliyetangulia. Utepe ule huishi muda gani, na siku ya kuuza gari, nani atamwambia mnunuzi?