Betri Iliyochoka Bado Haijafa: Tatizo la Umeme katika Mashine za Michezo ya Video

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki ni desturi kwamba betri kavu zikishindwa kuwasha tochi hazitupwi. Huhamishiwa redioni, na redio huendelea kusema kwa siku kadhaa. Zikishindwa na redio pia, huanikwa juani, nazo hurudiwa na uhai kidogo. Mwanafunzi wa sekondari huko Susuni, wilayani Tarime, ajuaye jambo hili hana budi kujiuliza: je, betri zile zilikuwa zimekwisha au hazikwisha? Jibu lake litamwezesha pia kuelewa tatizo lililowasumbua mafundi wa nchi za mbali walipotaka kuigeuza mashine ya michezo ya video ya nyumbani iwe ya kuchukulika mkononi.

Mashine iliyozoea umeme wa ukutani

Atari 2600 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977. Ilipata umeme wa volti 9 kutoka katika adapta iliyochomekwa ukutani, na picha zake zilionekana katika televisheni iliyokuwa na umeme wake yenyewe. Mwaka 2000 Mmarekani Benjamin Heckendorn aliipunguza mashine hiyo hata ikashikika mkononi. Kabla yake, mwaka 1995, kampuni ya Sega ilikuwa imetoa Nomad, iliyocheza kanda za mashine yake ya nyumbani kwa kutumia betri 6 ndogo. Betri hizo zilikwisha baada ya saa chache tu.

Kwa mtazamo wa haraka kazi hii ni nyepesi. Betri 6 za volti 1.5 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 9 kamili. Ugumu uko wapi basi?

Nishati inayogeuka joto

Sakiti za Atari zahitaji volti 5, wala si 9. Ndani yake mna kidhibiti volti kiitwacho 7805, ambacho huteremsha volti kwa kuigeuza ziada kuwa joto. Mkondo uingiao ndio utokao. Tuseme mkondo huo ni ampea 0.5. Betri hutoa 9 × 0.5, yaani wati 4.5, sakiti hupokea 5 × 0.5, yaani wati 2.5. Wati 2 zilizobaki hupasha joto kidhibiti. Penye umeme wa ukutani hasara hii haionekani. Penye betri, ni karibu nusu ya nishati iliyonunuliwa dukani.

Kikomo cha chini

Kidhibiti hicho huhitaji kuingiziwa volti 7 hivi ili kitoe 5 kwa uthabiti. Volti 7 zikigawanywa kwa betri 6, kila moja ina volti 1.17. Lakini betri ya alkali huweza kutumika mpaka karibu volti 0.9. Mashine huzimika, nayo betri ingali na akiba.

Zaidi ya hayo, kila betri ina ukinzani wa ndani, nao huongezeka kadiri betri inavyochakaa. Mkondo ukiwa mkubwa, volti nyingi hupotea humo ndani. Ndiyo sababu betri zilizoishindwa tochi huiweza redio, kwa kuwa redio ndogo hutaka mkondo mdogo zaidi. Jua nalo huzipasha joto kemikali za betri, ukinzani ukapungua kwa muda. Haliongezi nishati mpya.

Tusisahau kioo cha picha. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1989, haikuwa na taa nyuma ya kioo. Betri zake 4 zilidumu zaidi ya saa 10. Game Gear ya Sega, ya mwaka 1990, ilikuwa na rangi na taa. Betri 6 zilikwisha kwa saa 3 hadi 5.

Njia iliyo bora

Mafundi wa leo hutumia kibadilishi volti kinachowasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, badala ya kuunguza ziada. Tuchukue mashine na kioo chake vinavyohitaji wati 5 kwa volti 5, na seli 2 za lithiamu zenye jumla ya volti 7.4 na ampea-saa 2.2. Nishati yake ni wati-saa 16.28. Kwa kidhibiti cha kale betri hutoa ampea 1, hivyo haiwezi kuzidi saa 2.2. Kwa kibadilishi chenye ufanisi wa asilimia 90 hutoa wati 5.56, nayo hudumu saa 2.9. Betri ni zile zile. Kilichobadilika ni hasara.

Tahadhari ni lazima. Seli ya kawaida ya lithiamu isichajiwe kupita volti 4.2, isitobolewe, wala ncha zake zisigusanishwe, maana huweza kuwaka moto. Isitumike bila sakiti ya kuilinda. Adapta ya ukutani nayo isifunguliwe na mwanafunzi.

Jaribio la darasani

Chukueni betri kavu 2 zilizochoka, balbu ya tochi, voltimita na amita. Pimeni volti kabla ya kuunganisha balbu, kisha balbu ikiwa imeunganishwa. Tuseme ya kwanza ni 2.8, ya pili ni 2.0, na mkondo ni ampea 0.25. Ukinzani wa ndani ni 0.8 ÷ 0.25, yaani omu 3.2. Rudieni kwa betri mpya, mlinganishe.

Hesabu hii haihusu michezo peke yake. Umeme unapokatika usiku wa kuamkia mtihani, taa ya kusomea iliyounganishwa na betri hutawaliwa na kanuni zizo hizo. Anayenunua betri kubwa zaidi huongeza gharama; anayepima kwanza mahali nishati inapopotea aweza kupata saa nyingine ya kusoma kwa betri ile ile aliyo nayo.