Mchanga Mweusi, Moshi Mweupe

Chupa ya titani tetrakloridi ikifunguliwa Mombasa msimu wa masika haihitaji kiberiti. Unyevu wa hewani unatosha: papo hapo moshi mzito mweupe hufoka mdomoni mwake. Hakuna kinachoungua. Kila molekuli ikikutana na maji, klorini huitoroka titani na kushikana na haidrojeni, ikawa asidi ya hidrokloriki. Titani nayo hushikana na oksijeni, ikawa vumbi jeupe laini. Anayeuvuta moshi huo hukohoa kwa sababu ya asidi. Majeshi yaliutumia moshi huo tangu Vita Kuu ya Kwanza kuficha askari na meli, ingawa asidi yake haikuchagua rafiki wala adui.

Wengi wakisikia kloridi ya metali huwaza chumvi ya mezani. Hii ni kimiminika, angavu kama maji lakini kizito kuyazidi kwa zaidi ya mara moja na nusu, nacho huchemka kwenye nyuzi 136 za Selsiasi. Titani hukaa katikati ya klorini nne, zikichangia elektroni, na kila molekuli hujitegemea bila kung'ang'ania jirani. Ndiyo maana hugeuka mvuke kirahisi, na tabia hiyo ndiyo iliyoipa thamani viwandani.

Kuipata, mchanga wenye madini ya titani, rutili au ilmeniti, hupashwa moto pamoja na makaa ya koki na gesi ya klorini, hadi karibu nyuzi 1,000. Shida ni kwamba klorini hainyakui titani peke yake. Hubeba pia chuma, silikoni na vanadi. Kloridi ya chuma huganda mapema ikatengwa. Vanadi ndiyo msumbufu: kampaundi yake huchemka kwenye nyuzi 127 hivi, tofauti ya nyuzi tisa tu, ikapenya pamoja na mvuke na kutia kimiminika umanjano. Mafundi hutia mafuta au shaba ili kuigeuza kitu kisichopaa, kisha huchemsha upya.

Mvuke safi ukichomwa kwa oksijeni hutoa unga mweupe wa rangi, na klorini hurudishwa mwanzo wa mtambo. Mchanga wa kutengenezea unga huo ndio unaoiingiza Kwale, pwani ya Kenya. Kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipofungwa mwishoni mwa 2024, kampuni ya Base Titanium ilisafirisha ilmeniti, rutili na zirkoni kupitia Likoni. Kuusindika mchanga huo nyumbani kungehitaji kiwanda cha klorini, nacho si mchezo: kinadai umeme mwingi na nidhamu kali ya usalama. Hata hivyo, inaudhi kwamba kwa muongo mzima Wakenya walibishana sana kuhusu mrabaha na fidia, huku kemia ya mchanga wenyewe ikiachiwa wanunuzi ng'ambo.

Matumizi mengine ya titani tetrakloridi ni mengi. Mtaalamu wa metali Wilhelm Kroll wa Luxembourg aliichanganya na magnesi katika miaka ya 1930 akapata titani yenyewe, metali ya injini za ndege na nyonga bandia. Mkemia Karl Ziegler aliitumia pamoja na kampaundi ya alumini mwaka 1953 kama kichocheo cha kutengeneza polithini bila shinikizo kubwa. Mkemia Giulio Natta akafuata na polipropilini, na mwaka 1963 wakagawana Tuzo ya Nobel. Plastiki hizo zikawa ndoo, mitungi, viroba vya sukari, hata mifuko myepesi iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Tetrakloridi yenyewe hutumika pia katika vioo vya mapambo na kazi za maabara.