Hisa Ikiwa Rahisi Kupita Kiasi

Mwenye kufuata mfumo wa kuwekeza hulala usingizi. Mfumo umemwambia anunue hisa zilizo chini ya thamani ya mali za kampuni, au zenye gawio nono, naye hununua bila kuyumbishwa na kelele za soko. Mimi mwenyewe nautetea mtindo huu. Lakini mifumo mingi hufundisha kununua, ikifika kwenye kuuza inanyamaza, na hapo ndipo akiba za watu huteketea.

Kampuni ya sukari ya Mumias Sugar iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001 kwa shilingi 6.25 kwa hisa. Ikalipa magawio miaka kadhaa. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2013 ikatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu. Bei ikashuka, na kwa anayepima kwa vitabu tu, kila iliposhuka ndivyo ilivyozidi kuonekana ya kuokota. Aliyepiga hesabu hiyo aliongeza hisa. Angetazama miwa! Wakulima waliocheleweshewa malipo walikuwa wakiipeleka kwa viwanda vingine, na kiwanda kikakosa cha kusaga. Mtambo usio na miwa huendelea kuandikwa vitabuni kuwa ni mali. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, na hisa zake zikasimamishwa sokoni, moja ikiwa na thamani ya senti 27.

Wapo wanaoshauri uweke kikomo: ikishuka asilimia 10, uza. Hisa ya kampuni ya simu ya Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, na mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 3. Kikomo hicho kingekutoa mapema. Ila wateja walikuwa wakiongezeka, na M-Pesa, huduma yake ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza 2007, ilikuwa ikienea hadi vijijini. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40.

Ndiyo maana katika daftari langu, kando ya tarehe na bei, pana mstari mmoja unaoanza, "Nimenunua kwa sababu..." Hesabu zikitoka, naruka barua ya mwenyekiti na kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha. Gawio limetokana na mauzo, au limekopwa? Kisha narudi kwenye ule mstari. Ukiwa si kweli tena, nampigia dalali siku hiyohiyo, hata kama mfumo bado unaniambia ninunue.